Tuone, Mwana wa Dobi Aliyepima Sabuni

Ndugu zetu mliokusanyika, wazee kwa vijana, majirani wa mtaa huu na wa mtaa wa nyuma, na ninyi wa ofisini mliofunga milango leo mkaja kukaa nasi, familia imetutuma tuwasomee njia aliyoipita mwenzetu, tangu siku aliyoingia duniani hadi siku aliyotuaga, na mtuwie radhi pale tutakapocheka kidogo, maana yeye mwenyewe hakupenda watu wakae wamenuna kama wanasubiri kung'olewa meno.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Aprili mwaka 1974, saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya zahanati yenye bati la kijani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba fundi viatu na mama dobi, na mkunga aliyempokea alimtazama akasema, "Huyu kaja na macho wazi, mtakoma," na kweli walikoma, kwa sababu tangu alipojua kuhesabu hakuna kilichopita mbele yake bila kuhesabiwa, misumari ya baba yake, vibanio vya nguo vya mama yake, hata kikohozi cha mgeni aliyekaa sebuleni, mpaka baba yake akawa anamwambia, "Binti yangu, hebu acha kumhesabia mtu kikohozi, ataona tunamfukuza."

Nyumba aliyokulia ilikuwa ya vyumba viwili na ua mmoja, bomba likiwa kona hii na choo kona ile, kamba za nguo zikikatiza katikati kiasi kwamba mtu mrefu alipita ameinama, na sabuni, ambayo kwa dobi ni kama nyundo kwa fundi, ilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo wake umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama yake, ikitoka asubuhi kwa kazi na kurudi jioni, na haikuwa ya kuchezea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, ile iliyo nyuma ya ghala la nafaka, akamaliza mwaka 1987, na katikati ya miaka hiyo, tarehe 20 Februari 1985, mdogo wake wa mwisho alifariki akiwa na mwaka mmoja na miezi minane, baada ya kuharisha siku tatu, na muuguzi aliyekuwa zamu siku ile alisema mbele ya wote, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua imenyesha, "Haya mambo ni mikono tu, mama," na marehemu, aliyekuwa na miaka kumi, alimtazama mama yake, mama yake akatazama sakafu, na neno lile halikuzungumzwa tena nyumbani kwa miaka ishirini.

Aliendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1988 hadi 1993, akajiunga na chuo cha afya mwaka 1994 na kuhitimu 1997, na hapo chuoni ndipo alipokutana na fundi bomba aliyekuja kutengeneza mifereji ya bweni, akamsimamia kichwani akimuuliza kila bomba linavuja matone mangapi kwa dakika, fundi akamjibu, "Dada, mimi nalipwa kuziba, kuhesabu sijaambiwa," lakini kesho yake alirudi na karatasi yenye hesabu ya mabomba yote kumi na manne, na mengine mnayajua, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1999 ambaye leo ni muuguzi, wa kiume mwaka 2002 aliyefuata spana za baba yake, na kitinda mimba wa kike mwaka 2007 ambaye bado yuko shuleni na tayari anawahesabia watu kikohozi.

Kazi aliianza Oktoba 1997 kama ofisa wa afya katika kituo kilicho jirani na stendi, na mwaka 2001 akahamia ofisi ya utafiti wa afya ya jamii, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa posta ya zamani, chumba chenye dirisha moja linalotazama gereji, na ni hapo, ndugu zetu, ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukuwahi kulisema hadharani, na leo tunalisema kwa sababu mama yake mzazi ndiye aliyetaka lisomwe.

Mwaka 2005 ofisi iliendesha mpango wa kuzuia magonjwa ya kuhara, watu wakafundishwa kunawa mikono kwa mabango, kwa vipaza sauti, kwa maigizo, kisha wakatumwa wadadisi wenye karatasi za maswali, zile wenyewe wanazoziita madodoso, wakapita nyumba mia sita na arobaini wakiuliza je, unanawa kwa sabuni utokapo chooni, na katika kila watu mia, tisini na mmoja walijibu ndiyo, na marehemu, aliyekuwa msimamizi wa wadadisi, ndiye aliyejumlisha, akaandika ripoti, mkuu wa ofisi akafurahi akaagiza ichapwe kwenye karatasi inayong'aa, lakini wodi ya watoto kule kituoni ilikuwa imejaa vilevile, watoto wawili kitanda kimoja, chupa za maji zikining'inia juu yao.

Akipitia karatasi zile mara ya mwisho, Ijumaa tarehe 17 Juni, alikuta nyumba namba mia moja kumi na saba, iliyojazwa na mdadisi mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Kalamu Mbili, na pale paliandikwa kuwa mwenye nyumba ni mama, kazi yake dobi, sabuni iko chooni, maji yako chooni, ananawa kila mara, na alama zote zimetiwa kwa wino wa bluu uliokolea, na marehemu alianza kucheka, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kwao, na sanduku la bati alilijua, na ufunguo aliujua, kisha kicheko kikakatika.

Jioni ile alikwenda kwa mama yake, akamkuta anaanua nguo, akamuuliza taratibu, "Mama, yule kijana wetu ulimwambia sabuni iko chooni?" mama yake akasema, "Sasa ulitaka nimwambie nini, mtoto wa watu kaja amechomekea, kakaa kwenye ndoo yangu, anatamani ndiyo ile mpaka unaiona machoni, nimnyime?" na marehemu akacheka, akasema, "Lakini si kweli, mama," na hapo mama yake aliweka chini shuka alilokuwa amelishika, akakaa, akasema maneno ambayo marehemu aliyabeba mpaka mwisho wa siku zake, "Nikisema sinawi, mwanangu, si nitakuwa nimesema kwa kinywa changu kwamba ni mimi niliyemuua mdogo wako?"

Walikaa pale mpaka nguo zikapoa, na marehemu alimwambia mama yake kwamba mtoto hakuuawa na mtu, alifika kwenye nyumba ambayo bomba liko huku, choo kiko kule, na sabuni iko sandukuni kwa sababu ndiyo iliyowalisha watoto wote watano, naye mama yake alisikia, lakini kusikia ni jambo moja na kuamini ni jingine, na akamshika mkono akamwomba, "Ukaseme huko unakosema, ila mimi usinitaje."

Alhamisi tarehe 14 Julai 2005, katika kikao cha ofisi, mbele ya wageni waliokuja kuipokea ripoti, marehemu alisimama akasema ripoti aliyoiandika yeye mwenyewe isichapwe, kwa sababu wamekusanya heshima za watu, hawakukusanya tabia zao, mkuu akamuuliza, "Yaani unataka kusema watu mia sita wametudanganya?" akajibu, "Hapana, mkuu, sisi ndio tuliouliza vibaya, tumemuuliza mtu swali ambalo akilijibu kweli anajihukumu," mkuu akasema, "Ushahidi wako uko wapi?" akasema nyumba moja, akaulizwa nyumba ya nani, akaulizwa mara ya pili, akaambiwa ama aitaje au akabidhi funguo za meza yake, naye alikabidhi funguo.

Walimweka stoo ya majalada miezi kumi na minne, chumba kisicho na dirisha, akipanga makaratasi ya watu waliokwisha kustaafu, na wapo waliompita kwenye ngazi wakijifanya wanatafuta kitu mfukoni, na mumewe alimtania kwamba angalau sasa ofisi ile itajua ina majalada mangapi, lakini nyumbani alijua kuwa mkewe analia bafuni amefungulia maji, naye fundi bomba hakuwa mtu wa kudanganywa na sauti ya bomba, na hata hivyo jina la nyumba ile halikumtoka, si kwa mumewe, si kwa mtu.

Septemba 2006 alikuja mkuu mpya, daktari wa kike aliyevaa miwani yenye kamba, akashuka stoo mwenyewe, akakaa juu ya boksi akamwambia, "Sitaki kujua ni ya nani, niambie tu hiyo nyumba ilikufundisha nini," na walipotoka mle alikuwa amepewa nyumba arobaini za kufanyia utafiti, na muda wa mwaka mmoja.

Alianza kwa kununua mizani ya jikoni, akawa anapima sabuni ya kila nyumba kila Jumanne, akiamini sabuni haina heshima wala aibu, kama imepungua imetumika, na wiki ya pili ilipungua ajabu, nusu nzima, akapiga vigelegele peke yake barabarani, mpaka Jumanne moja alipowahi kufika akamkuta mama wa nyumba anaichonga sabuni kwa kisu, vipande vikianguka kwenye karai, akamuuliza dada unafanya nini, yule mama akasema, "Nilikuhurumia, jua lote hili na mizani yako kichwani, ufike ukute haijapungua," na marehemu alicheka mpaka akakalia karai lenyewe, sabuni ikamganda sketi, na tangu siku hiyo mizani ilirudi jikoni kwake.

Ndipo alipoacha kuuliza na kuacha kupima, akawa anakwenda kukaa, saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri, akimenya na wanaomenya, akibeba mtoto wa mwenye kazi nyingi, na akiambiwa jambo lolote alisema, "Haya, tuone," wala si kwa dharau, kwa udadisi, mpaka watoto wa mitaa ile wakampa jina la Tuone, na kwa macho yake aliona kwamba watu wote walijua kunawa, wangeweza hata kumfundisha, ila kutoka chooni mpaka kwenye sabuni palikuwa na hatua ishirini na tatu kwa wastani, mlango mmoja, na mara nyingi ufunguo.

Hakuwaletea mabango mengine, aliwauliza wenyewe kina mama wafanyeje, wakabishana siku tatu na kuitana majina, mwishowe wakakubaliana kila nyumba ikate kipande kidogo cha mche wa sabuni, kile ambacho hata kikiibwa hakimlizi mtu, kitiwe ndani ya soksi kuukuu na kuning'inizwa kwenye mlango wa choo, kando yake dumu la maji lililotobolewa, na mama dobi wa nyumba namba mia moja kumi na saba alikata kipande cha kwanza mwenyewe, bila kuambiwa, akaifunga soksi mlangoni kwa fundo ambalo hadi leo hakuna aliyeweza kulifungua.

Alifuatilia nyumba hizo na za majirani walioiga miaka miwili, na wodi ile iliyokuwa ikipokea watoto thelathini na wanne kwa mwezi kutoka mitaa hiyo ilishuka hadi kumi na mmoja, na ripoti ya mwaka 2009, aliyoitumia pia kupata shahada yake ya pili, ilianza kwa ukurasa mzima unaoeleza makosa yake mwenyewe, ripoti ya kwanza na ile mizani, jambo ambalo wasomi wenzake walimwambia halifanywi, naye akalifanya, na kuanzia 2012 alipokuwa mratibu aliwafundisha wadadisi zaidi ya mia mbili, Kalamu Mbili akiwa msaidizi wake, na somo la kwanza lilikuwa kumpeleka mtu akakae nyumba ya watu nusu siku bila kalamu hata moja.

Kuugua kwake kulianza mwanzoni mwa mwaka 2022, maumivu ya tumbo aliyoyaficha miezi minane, kila akiulizwa anajibu yuko salama, yeye huyo aliyekuwa haamini ndiyo ya mtu, na mama yake ndiye aliyemvua kanga akaona alivyokonda, akampeleka hospitali kwa mkono, ikabainika ni saratani ya tumbo, akatibiwa kwa upasuaji Novemba mwaka huo na kwa dawa mwaka uliofuata, hadi Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, saa kumi alasiri, alipofariki akiwa na miaka arobaini na tisa, mumewe akiwa upande mmoja na mama yake upande mwingine, ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, ndugu watatu na mama mzazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita waliomwambia ukweli kila alipoutaka, majirani mliopika na kuosha vyombo bila kuulizana zamu, mafundi viatu wenzake baba yake aliyemtangulia, waliotengeneza viti hivi, daktari yule wa miwani yenye kamba aliyesafiri siku mbili kufika hapa, na ninyi wa ofisini, na kwenu mama yake ana neno moja, kwamba alijibu uongo kwa sababu ya aibu, kwamba mwanawe aliibeba aibu ile stoo miezi kumi na minne badala yake, na kwamba yale aliyoambiwa wakianua nguo sasa ameyaamini, kwa hiyo mpangapo safari zenu nyumba namba mia moja kumi na saba msiiruke, njooni mkae, ulizeni lolote, hata habari za yule mtoto wa mwisho, mtajibiwa ilivyokuwa.

Mwana wa dobi, mke wa fundi, mama wa watatu, umefanya kazi ikaonekana, pumzika sasa, amani iwe kwako.