Fundi Sura, Aliyefinyanga Vinyago vya Chumba cha Mionzi

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka hospitali mkiwa bado na sare za kazi, familia imemkabidhi mdogo wa marehemu, huyu asimamaye mbele yenu, karatasi hii aisome, si kwa elimu, maana aliishia darasa la sita, bali kwa kuwa katika ukoo huu hakuna anayemfikia kwa maneno, ingawa leo maneno yenyewe hayana ladha, na mtamvumilia akishikilia tarehe tu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Sura, alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba seremala na mama mshonaji, akaanza shule Januari 1972, akamaliza darasa la saba mwaka 1978 akiwa wa pili, na huyo aliyekuwa wa kwanza hadi leo hakuna aliyemsikia. Alikaa kwenye karakana ya baba miaka mitano akishika randa, na tarehe 2 Mei 1984 akaajiriwa na hospitali kutengeneza vitanda na milango, ambayo karibu yote bado inafunga bila kusukumwa na bega. Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na mjane tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu, na mwana ambaye ni fundi umeme.

Tarehe 11 Juni 1992 alihamishiwa chumba cha mionzi, kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo, ambao hulazwa wakiwa wamevalishwa kinyago cha plastiki kinachobana uso hadi mabegani na kufungwa mezani, ili wasitikisike mashine ikifanya kazi. Kaka alikuwa anailainisha plastiki ndani ya maji ya moto, anamlaza mgonjwa, anaifinyanga puani na kidevuni kwa vidole vyake, huku akimtania asiogope, kwamba atatoka na sura nzuri kuliko aliyokuja nayo. Kwa miaka thelathini na moja alifinyanga vinyago elfu tatu mia moja na sita, na mdogo wake akisimulia kwa kinyozi husema elfu kumi, lakini leo amesoma ile ya kwenye rejista.

Huko ndiko alikojipa kazi ya pili, ya kutabiri madhara ya mionzi, kwa kupitisha kidole kila asubuhi chini ya kidevu cha kinyago, kwani kidole kisipopita mgonjwa yuko salama, na kikipita basi amekonda, shingo inacheza ndani, na mionzi iliyolenga uvimbe inaanza kula tezi za mate na misuli ya kumezea. Hapo aliwaambia madaktari, huyu atakauka mdomo, yule hatamaliza bila mrija wa kulishia, msimamisheni nimfinyangie kingine, nao wakamsikiliza.

Mwaka 2019 alikuja daktari bingwa, umri wa binti yake, na programu ya kompyuta inayokokotoa madhara hayo kabla matibabu hayajaanza, wakambandika jina Daktari Asilimia, na kaka akamuuliza, binti yangu, hiyo mashine yako imewahi kushika shingo ya mtu, naye akajibu, mzee wangu, na kidole chako kimewahi kukiri kosa? Walishindana kwa wagonjwa sitini, kidole kikapata arobaini na wanne, kompyuta arobaini na sita, na kaka akadai hao wawili kompyuta ilimchungulia.

Septemba 2023 sauti ilimkauka, na tarehe 9 Oktoba ikathibitishwa kuwa ni saratani ya koo. Kompyuta ilisema uwezekano wa kuishia kwenye mrija ni asilimia sabini na moja, ukizidi iwapo atakonda, naye akatangaza mbele ya chumba kizima kwamba siku ya kustaafu, tarehe 14 Machi 2024, atakunywa chai kwa mdomo wake na Daktari Asilimia ndiye atakayemmiminia.

Matibabu yalianza Jumatatu tarehe 13 Novemba, mara thelathini na tano. Wiki ya tatu akawa amekonda, na badala ya kusema, akawa anajaza pamba ndani ya mashavu ili kinyago kibane, na uzito akajiandikia mwenyewe, maana nani angemkagua mkubwa wa chumba, na picha za kila wiki ziliangalia mifupa, nayo ilikuwa mahali pake, nyama ndiyo iliyokwisha. Tarehe 6 Desemba, ndani ya gari, alitoa ile pamba akamwonyesha mdogo wake, na mdogo wake alicheka, akasema kaka wewe ni kiboko, kisha akaenda kuisimulia kwa kinyozi, na kwa daktari hakusema.

Matibabu yaliisha tarehe 2 Januari 2024, mate yakakatika kabisa, na tarehe 29 Januari akawekewa mrija. Siku ya kustaafu Daktari Asilimia alikataa kumimina, kaka akamimina mwenyewe, akanywa, watu wakapiga makofi, na chai ikaingia njia ya hewa. Alilazwa tarehe 16 Machi kwa homa ya mapafu, akatoka, akarudi mara mbili, na tarehe 17 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki.

Haya yamesomwa kwa amri ya mjane, kwa sababu juzi Daktari Asilimia alikuja nyumbani na makaratasi yake kutafuta alipokosea, na shemeji huyo, ambaye habari ya pamba ilikwisha kumfikia, alimgeukia mdogo wa marehemu, akamwambia, mwambie, au nimwambie mimi, na daktari akaambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, majirani mliopokezana kukaa naye, na wenzake wa chumba cha mionzi, ambao hawana kosa. Inamshukuru Daktari Asilimia, ambaye aliomba ruhusa ya kurekebisha ule uzito wa uongo na kumwingiza kaka kwenye programu, ambayo hukokotoa kwa kufuata wagonjwa waliotangulia, na mjane akakubali. Ameingizwa kama mgonjwa wa mia nne na kumi na tatu. Kesho saa mbili asubuhi kuna mama mmoja, muuza vitambaa, mwenye uvimbe wa koo, atatajiwa asilimia yake, na ndani ya hesabu hiyo Fundi Sura atakuwemo, pamoja na kosa lake.

Lala, kaka, kwa utulivu.