Bendera ya Njano Si Salamu

Risala ya washika bendera wa uwanja wa mbio za magari, siku ya kufungua msimu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Michezo. Mwenyekiti wa chama cha madereva. Madereva mliokwisha kuvaa tayari. Ndugu zetu wote mlioko jukwaani: wa kuamkiwa shikamooni, na wengine hamjambo.

KARIBU

Sisi ni washika bendera wa uwanja huu. Mwaka jana tulisimama mbele yako watu kumi na mmoja. Leo tumesimama kumi. Tunakukaribisha kwa mikono miwili, na labda umeshaona kwamba mikono yenyewe haina bendera. Sababu tutaieleza kabla hatujamaliza.

Mimi ninayesoma si msemaji. Wenzangu wamenisukuma mbele kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kona ya nne. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo niliandika nikiwa katikati ya fundi cherehani na muosha magari, kila mmoja akisahihisha upande wake, na walipogombana nikaacha kama nilivyoandika. Sauti ikinipotea mnivumilie. Ratiba imetupa dakika tano. Tunaomba kumi.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina miaka tisa. Kabla ya hapo uwanja huu ulikuwa lami ya zamani yenye majani kwenye nyufa, na watu wenye magari yao ya kawaida walikuja Jumapili kushindana, kila mtu na akili yake. Aliyewaonya wasigongane alikuwa mzee mmoja, dereva wa lori aliyestaafu. Alisimama juu ya pipa, akavua shati lake la njano, akalipunga kila gari lilipokwama mbele. Breki za lori lake ziliwahi kukatika mlimani na akaokoka, ndiyo maana tunamwita Mjomba Breki.

Mjomba alituokota mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nakuja kuuza maji ya kunywa langoni. Aliniambia, "Binti, wewe huongei, lakini unaona. Njoo." Fundi cherehani alikuja kushona bendera akabaki. Muosha magari alikuja kudai taulo lake, naye akabaki.

TULIYOYAFANYA

Kwa ambaye ni mgeni wa mchezo huu, bendera zetu ni nne. Ya kijani inasema njia ni safi, anza. Nyekundu inasema mbio zimesimama, rudi taratibu. Ya mirabaraba myeusi na myeupe ni ya kumaliza. Njano inasema kuna hatari mbele yako usiyoiona, punguza mwendo na usimpite mtu yeyote. Ni hayo tu. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na anayajua.

Kwa karibu miaka tisa hakuna mtu aliyetoka uwanjani hapa kwa machela. Tumezima moto wa magari mawili. Tumewatoa madereva waliokuja na kandambili, waliokuja na mchumba kwenye kiti cha pembeni, na mmoja aliyefunga mkanda kwa fundo la kamba ya viatu na kubishana nasi kwamba fundo ni fundo.

Kuna jambo jingine, na hili inabidi tulisome polepole. Mbio zikiisha, magari huzunguka mara moja kwa mwendo wa pole, na madereva hutoa mkono dirishani kutushukuru. Nasi huwapungia kwa bendera yoyote tuliyoishika. Ndiyo asante tunayoipata, na tuliipenda. Mwanzo ilikuwa baada ya mbio tu. Baadaye ikawa hata wakati wa mazoezi. Baadaye ikawa kila dereva anayetupita akitoa mkono, bendera inainuka. Na kwa sababu njano ndiyo inayokaa mkononi muda wote, tukawa tunasalimia kwa njano.

Mgeni rasmi, mwaka jana tulikusomea jambo hili kwenye risala. Tuliliweka chini ya mafanikio. Tuliandika, "Tuna uhusiano mzuri na madereva, wakitupungia nasi tunawapungia." Watu wote walipiga makofi. Kisha ulizungushwa uwanjani kwenye gari la wazi, ukatupungia, nasi tukakupungia. Picha iko ukutani ofisini mpaka leo. Wewe unacheka, Mjomba anacheka, mimi nacheka, na bendera ya njano iko juu kabisa.

JUMAPILI ILE

Hapa risala nyingine huandika changamoto. Sisi tunayo moja.

Ilikuwa Jumapili tatu zilizopita, saa tatu asubuhi, wakati wa mazoezi. Kona ya nne inakuja baada ya njia ndefu iliyonyooka, na ina kilima kidogo, kwa hiyo dereva haoni kilicho upande wa pili. Anachokiona ni pipa letu na bendera yetu. Nilikuwa pale na Mjomba.

Gari jeupe liliteleza, likazunguka, likasimama katikati ya kona limeelekea lilikotoka. Niliinua njano nikapunga. Sheria inasema dereva akikwama akae ndani, mkanda umefungwa, mpaka tumfuate, isipokuwa aone moshi au moto. Moshi haukuwepo. Lakini yule kaka alifungua mlango, akavua kofia ngumu, akaanza kutembea kwenye lami kufuata bampa lake lililodondoka.

Mjomba akapiga kelele, "Wewe! Rudi ndani! Rudi ndani ya gari!"

Yule kaka akajibu bila hata kugeuka, "Dakika moja tu, mzee. Hili bampa nimelifunga juzi."

Mjomba akashuka kwenye pipa. Umri wake ni miaka sitini na nne na goti moja huwa linamsumbua, lakini sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Alimshika yule kaka ukosi.

Gari la bluu likaja. Nilishika bendera kwa mikono miwili nikapunga mpaka bega likalia. Dereva aliniona. Nasema aliniona kwa sababu nilimwona akitoa mkono dirishani, kiganja wazi, na nilimwona akitabasamu. Breki sikuisikia. Mpaka leo nasikiliza, na bado siisikii.

Mjomba alikuwa na nafasi ya kumsukuma mtu mmoja tu, akamsukuma mwenye bampa.

Wenzetu wa kona ya tano wanasema niliendelea kupunga hata magari yote yalipokwisha kusimama. Wanasema fundi cherehani alikuja akanifungua vidole kimoja kimoja. Mimi hilo silikumbuki.

Mjomba Breki yu hai, tunamshukuru Mungu. Mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti, lile goti lililokuwa likimsumbua. Alipozinduka akauliza umewekwa wapi, ili, alisema, aukemee kwa maneno yote aliyokuwa ameuwekea. Muuguzi hakujua kama acheke au alie. Sisi pia hatukujua.

Siku ya nne dereva wa gari la bluu alikuja hospitali. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, hapigi hatua mbele wala nyuma. Muosha magari wetu hana breki ya mdomo. Akamwuliza, "Kaka, hebu sema kweli. Bendera hukuiona?"

"Niliiona."

"Uliiona kabisa?"

"Niliiona kabisa."

"Sasa?"

Akaniangalia mimi. Akasema, "Kwani dada si alikuwa ananisalimia? Nikamrudishia."

Mgeni rasmi, chumba kile kilikuwa na watu saba. Tulikuwa tumejipanga kumkasirikia, tukakosa pa kuanzia. Kwa sababu asubuhi ile ile, mzunguko wa kwanza, alitoa mkono na mimi nikampungia njano. Mzunguko wa pili alitoa mkono, nikampungia njano. Wa tatu ndio ule.

Mjomba akaniita kitandani. "Binti, ulipunga?"

"Nilipunga, Mjomba."

"Vizuri?"

"Kwa mikono miwili."

"Basi kazi ya siku ile uliifanya. Iliyokosewa ni ya siku zote za nyuma, na hiyo tuliikosea pamoja, mimi wa kwanza, maana mimi ndiye niliyeianza."

Hatukuja hapa kumshitaki dereva wa gari la bluu. Amekuja, amekaa safu ya nyuma, hakuvaa za kuendeshea. Baadhi yetu tumeshampa mkono. Mimi wangu bado haujaweza, na nimemwambia hivyo, naye akasema atangoja.

TUNAYOYAOMBA

Kwanza tunashukuru kwa jukwaa hili jipya. Paa lake ni zuri. Tunaliona vizuri sana kutoka kona ya nne, ambako bado kuna pipa moja na mchanga uliomwagwa Jumapili ile. Tunaomba ukuta wa matairi mbele ya kila pipa, uanzie kona ya nne, na simu za upepo ili kona moja iweze kuiambia nyingine.

Tunaomba dereva anayeshuka kwenye gari katikati ya lami bila moto wala amri arudi nyumbani siku ile, hata akiwa na bampa la dhahabu.

Tunaomba kusiwe na kumpita mtu kwenye kona wakati wa mazoezi. Kwenye njia iliyonyooka, wa mbele ndiye aonyeshe kwa mkono upande wa kupitwa, na kama hajaonyesha, wa nyuma angoje. Mkono wa dereva uwe na kazi hiyo moja tu. Na bendera zetu tangu leo hazisalimii mtu. Hazitamsalimia dereva wala mgeni, mnisamehe, hata mgeni rasmi. Anayetaka kutushukuru azime injini, ashuke, atufuate kwenye pipa, tusalimiane kama watu. Tutafurahi. Wengi wenu hatujawahi kusikia hata sauti zenu.

Na tunaomba maelezo ya asubuhi yasikilizwe. Mwaka juzi dereva mmoja alimwambia Mjomba, "Mzee, mimi naendesha huu mwaka wa kumi na tano." Mjomba akamjibu, "Hata mbuzi anatembea tangu azaliwe, na barabara bado hajui kuivuka." Watu walicheka, na kesho yake tukaendelea vile vile.

Ombi hilo tulitaka liwe la mwisho. Risala ilikuwa imeshaandikwa na kukunjwa. Lakini leo, saa moja iliyopita, maelezo yalisomwa pale nyuma ya jukwaa. Madereva walioandikishwa ni ishirini na sita. Waliokuja kusikiliza ni tisa, na wawili kati yao walikuwa na vitu vya muziki masikioni. Wengine walikuwa wakipiga picha na magari. Tulipokuwa tunarudi, kijana mmoja alipita na gari lake akielekea kwenye mstari. Akapunguza mwendo, akatoa mkono dirishani, akaniambia, "Dada wa bendera, mbona umenuna? Nipungie basi!"

Hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo lililotutisha. Wiki tatu zimepita, mchanga bado uko pale, na yule kijana alikuwa na adabu tu.

Kwa hiyo tumeongeza ukurasa huu wa mwisho, na mwandiko wake ni mbaya kwa sababu tuliandikia mgongoni kwa muosha magari.

Mgeni rasmi, ratiba inasema tukimaliza kusoma tukukabidhi bendera ya kijani, ushuke, uipunge, mbio zianze. Bendera ya kijani ipo. Fundi cherehani ameikunja na ameikalia. Hatugomi. Mjomba mwenyewe alitutuma jana kwa sauti yake: "Waambieni wasifunge uwanja. Wafunge midomo wakati wa maelezo." Tunataka magari yakimbie. Tunachoogopa ni kurudi kwenye mapipa yetu na kupunga njano mbele ya watu wanaodhani tunawapenda.

Tunaomba hivi. Madereva wote ishirini na sita wazime injini, waache kofia kwenye viti, watembee nasi kwa miguu mpaka kona ya nne. Kutoka hapa ni hatua mia nane na arobaini, tumezihesabu. Kila mmoja apande juu ya pipa, aangalie kilima, aone kwamba haoni kitu. Kisha aseme kwa kinywa chake mwenyewe njano maana yake nini. Asemaye sawa, arudi kwenye gari lake. Wote wakirudi, tutakupa bendera ya kijani mkononi, na tutashika zamu zetu, na utaona tunavyofanya kazi.

Tunaomba wewe utangulie mbele. Wakikuona umetangulia hawatasema jua ni kali.

Nimemaliza kusoma. Sasa nitakunja karatasi na sisi kumi tutaanza kutembea. Hatutageuka nyuma kuona nani anakuja. Viatu tutavisikia kwenye lami.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, awalinde madereva wetu wote, wa gari la bluu akiwemo, ampe Mjomba Breki nguvu ya kukaa, kusimama na kutukaripia tena. Na kila anayeondoka nyumbani asubuhi na kofia yake ngumu mkononi, arudi nayo kichwani.

Ni sisi washika bendera, kona ya kwanza mpaka ya saba, watu kumi na mmoja.