Gorila Humchukua Dereva

Kijiwe cha Bomba Kavu kilikuwa pale Karatu, ubavuni mwa pampu ya petroli ambayo mwaka ule wa 1982 ilikuwa imeisahau kabisa kazi yake. Palikuwa na benchi moja la miguu mitatu na jiwe, na jiko la mkaa la mama Katarina, aliyeuza kahawa chungu kwa asili na chungu zaidi kwa kuwa sukari ilikuwa habari ya redioni. Wateja wa kudumu walikuwa watatu. Inosenti aliitwa Kampala kwa sababu alikwenda na mgambo kwenye vita vya Uganda, ingawa yeye mwenyewe aliishia Masaka akilinda magunia. Senteu, mfugaji wa Nainokanoka, aliitwa Mnada. Alishuka kuuza ng'ombe mmoja, na sasa ulikuwa mwezi wa pili hajaridhika na bei. Wa tatu alikuwa Clemensi, au Gia, aliyewaendesha watalii kreta ya Ngorongoro miaka kumi na miwili hadi mpaka wa Kenya ulipofungwa, watalii wakaadimika, naye akaambiwa akapumzike.

Gia alikuwa na Land Rover moja na siri moja. Land Rover aliinunua kwa padri aliyerudi kwao. Siri aliipata bure kwa daktari wa macho aliyepita mwezi wa tatu: presha ya macho, la kushoto limekwisha, la kulia labda mwaka, na likizima haliwashwi tena. Hakumwambia mtu. Alichowaza ni kwamba maisha yake yote amewaonyesha watu simba na vifaru, "kushoto kwenu, kulia kwenu", na hakuna siku hata moja alipoonyeshwa yeye. Mgeni mmoja Mbelgiji alipata kumwambia kwamba Rwanda kuna gorila wa milimani, ambaye akikutazama unajiona umetazamwa na mtu wa ukoo wako. Clemensi alilitaka jambo hilo kabla ya giza, alilitaka mpaka likamuuma. Basi akatangaza kijiweni kwamba Jumatatu wanaondoka, wote watatu, wakijiendesha wenyewe, bila kampuni wala mwongozaji.

Kijiwe kilimpokea kwa desturi yake, wiki nzima bila kuchoka.

— Petroli, alisema Kampala. Pampu hii mara ya mwisho kutema mafuta, mwanangu alikuwa tumboni. Leo anaota meno.

— Nina mapipa mawili uani. Nimekusanya tangu mwaka jana.

— Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani.

— Ndiyo maana nimesema Jumatatu.

— Jumatatu nayo imekaa karibu mno na Jumapili. Askari anaweza kukosea.

Clemensi alichora njia juu ya benchi kwa kipande cha mkaa: lango la Lodoare, Serengeti, Mwanza, Biharamulo, Rusumo. Alichora bila kutazama, kwa kuwa kutazama hakungemsaidia.

— Hapo Rusumo mpakani watatukamata, alisema Kampala. Wanaume watatu, mapipa mawili, hakuna hata mmoja mwenye biashara ya kueleweka. Watasema walanguzi.

— Tutawaambia tunakwenda kuona gorila.

— Hapo ndipo watatufunga kabisa. Na wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huyo mnyama yuko juu ya volkano. Basi sisi tumngoje hapa hapa Karatu, siku moja atashuka.

— Ashuke kufanya nini?

— Kutafuta sabuni. Mwaka huu kila mtu anashuka kutafuta sabuni.

Mama Katarina akamimina kahawa. Senteu alipokea kikombe chake, akakinusa kwa huzuni.

— Shida si barabara, alisema. Shida ni kuamkia. Ukikutana na lile dume lenye mvi mgongoni, unainamisha kichwa, kama mtoto mbele ya mzee, likushike utosini. Usipoinama, limekupiga.

— Nani kakwambia?

— Mnyama asiye na mkia lazima ana rika. Sasa Gia, wewe huna ng'ombe hata mmoja. Likikuuliza unatoka boma gani, utajibu nini?

— Nitasema natoka Rhotia, nalima maharage.

— Utapigwa.

— Mimi milima hiyo nimeiona kwa macho yangu, alisema Kampala.

— Ukiwa Masaka?

— Siku hiyo hapakuwa na mawingu. Na wenyeji walitueleza vizuri. Gorila hana ugomvi na abiria. Gorila humchukua dereva. Anamtoa mlangoni kama njugu kwenye ganda, anakwenda kuishi naye.

— Dereva wa nini?

— Mchagua jembe si mkulima, Gia. Yeye hachagui, huchukua aliyeshika usukani.

— Ni kweli, alisema Senteu. Hata sisi Nainokanoka tunajua hilo.

— Nainokanoka hakuna gari.

— Ndiyo maana hakuna gorila.

— Mimi nilivyosikia, aliongeza mama Katarina huku akipepea jiko, anawapenda zaidi wenye miaka hamsini na mitatu.

Clemensi, mwenye miaka hamsini na mitatu, akamtazama, yaani akautazama upande ilikotoka sauti. Hasira ilimpanda. Wiki nzima walikuwa hivi. Kila akiziba tundu moja wanatoboa lingine, na siku zenyewe za kutazamia zilikuwa zinakwisha.

— Mnaogopa, alisema. Semeni tu mnaogopa, niende peke yangu.

Kampala, ambaye hata kanisani alijibu kabla ya padri kumaliza, alikunywa kahawa ya moto kwa mkupuo mmoja.

Wakati huo akafika dada mmoja mwenye sanduku la bati. Alijitambulisha kuwa ni mwalimu Hyasinta, amepangiwa shule ya Endulen na ana siku tatu hajapata usafiri.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Nimesikia huko dukani kuna gari linapita Ngorongoro Jumatatu. Nilikuwa naomba lifti hadi njia panda. Dereva ni nani?

Lilikuwa swali la kawaida, la mtu anayetaka kufika kazini. Kampala akatazama pampu. Mama Katarina akaacha kupepea. Senteu akatazama fimbo yake, na Clemensi, aliyekuwa na jibu mdomoni, akasikia jinsi benchi lilivyonyamaza, akaelewa. Walikuwa wanajua.

— Tangu lini? aliuliza.

— Mimi ni mchungaji, alisema Senteu polepole. Ng'ombe akianza kupoteza macho namjua kabla yeye hajajijua. Anaacha kutafuta njia, anafuata mkia wa mwenzake. Wewe tangu Pasaka hutoki na gari mpaka basi la Mbulu lipite, ndipo unafuata vumbi lake.

— Si mngeniambia?

— Tukuambie nini? alisema Kampala. Mtu mzima haambiwi haoni. Anaambiwa petroli hakuna.

Clemensi aliona aibu, aibu ya kutosha kumwinua pale na kumpeleka nyumbani. Lakini chini ya aibu palikuwa na nafuu ambayo hakuitarajia, ya kutokuwa peke yake na jambo lile. Akabaki amekaa.

— Kwa hiyo nani mwingine hapa anajua kuendesha? aliuliza Hyasinta, ambaye bado alikuwa na sanduku na Endulen haijasogea.

Hakuna aliyejua. Walikuwa wamepanga safari ya nchi mbili, na kwenye benchi lote leseni ilikuwa moja.

Clemensi akaufuta mkaa wa njia kwa kiganja, kuanzia Rusumo kurudi nyumbani. Akafumba macho yote mawili, lile lililokufa na lile lililobaki.

— Basi nielezeni, alisema. Huyo gorila yukoje?

Hakuna aliyewahi kumwona hata kwenye picha. Kampala, Senteu na mama Katarina wakaanza kumweleza kwa pamoja.