Historia ya Mzee Kanuni, Aliyewasimamisha Watu Ukumbini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunaomba mtuvumilie, maana marehemu alituagiza tusimpambe, na sisi tulipojaribu kumpamba kidogo, mama alikataa katakata.

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kanuni hata mbele ya wajukuu wake, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 hapa hapa kisiwani, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya zahanati, kisha akavuka maji kwenda sekondari makao makuu ya mkoa, akamaliza mwaka 1969 na kurudi na miwani na maneno mengi.

Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa na halmashauri kama karani, akapanda hadi kuwa afisa maendeleo ya jamii, na ndiye aliyewakusanya akina mama wa mitaa yetu wakaunda kikundi cha kuhudumia wagonjwa majumbani. Lakini mkoa wetu ni mdogo, mjumbe wa kamati hii ndiye katibu wa ile na ndiye shemeji wa mwombaji, watu wakapendeleana mpaka basi, ndipo marehemu akatunga kanuni kwamba kila anayeomba huduma asomwe ukumbini, jina na shida yake, asimame aonekane, ndipo ahudumiwe. Upendeleo ulikwisha kweli, makao makuu wakamsifu, naye akatembea kifua mbele, jamani, tutaficha nini.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne, akastaafu mwaka 2011, na tarehe 6 Februari 2019, akinyoa ndevu, alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukafa. Mama hakuweza kumgeuza peke yake, sisi watoto tuko ng'ambo, tunapiga simu tunaambiwa hajambo, kumbe baba amemkataza mama asiende kuomba kikundi, akisema ni heri alale kwenye shuka lililolowa kuliko kusomwa, na kweli alilala humo.

Aliyeingia bila kutumwa, kwa mlango wa uani, na ndoo mkononi, ni mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa chini. Mwaka 1988 mama huyu alisimamishwa ukumbini, marehemu mwenyewe akaisoma shida yake kwa sauti ya kusikika mpaka nje, vijana wa nyuma wakacheka, na tangu siku ile hakukanyaga tena mkutano wowote. Shida hiyo hatutaitaja, ilitajwa siku ile inatosha, na haya machache tunayasema kwa ruhusa yake. Mzee alipomwona alilia kama mtoto, ulimi mzito, akihangaika kuomba radhi, naye fundi akamwambia ainue mguu kwanza, maneno yatafuata, na shuka likabadilishwa.

Baada ya hapo hakutulia. Kwenye mkutano wa tarehe 20 Machi 2021 alitaka abebwe mpaka ukumbini, mwenyekiti akajaribu kumruka kwa heshima ya utu uzima, mzee akagoma, akataka jina lake lisomwe, na shida yake yote, hata ile ya shuka, huku wanaume wawili wamemshika makwapani asianguke. Ukumbi mzima uliangalia chini. Alisema, na kila mtu alimwelewa, kwamba ameona haya moyoni kwa miaka mingi bila kujua kuwa ni aibu, kwamba kanuni ni yake na anaomba ifutwe. Mwenyekiti aliahidi kuiweka kwenye ajenda.

Marehemu alifariki juzi alfajiri, nyumbani, mama akiwa kando yake, na ajenda hiyo haijafika mezani mpaka leo, na mkutano mwingine ni Alhamisi hii, na wapo watu watatu watakaosimamishwa, nao wamo humu tunamoomboleza.

Tunamshukuru daktari wa zahanati, majirani waliokuwa wakileta maji, waliokuwa wafanyakazi wenzake, na akina mama wa kikundi. Ama kwa fundi cherehani, familia haina uso wa kushukuru, tunainamisha vichwa tu.

Pumzika kwa amani, mzee wetu, aibu iliyobaki tuachie sisi.