Mama Penseli na Zamu ya Jumamosi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Marehemu mwenyewe hakujua kukaa, basi leo tukae kwa niaba yake.

Tunamkumbuka Mama Penseli, msimamizi wa jiko la chuo. Miaka kumi na tisa aliwapangia wanafunzi kazi za saa chache, wapate kujilipia karo. Kumenya viazi, kufuta meza, kuosha masufuria.

Zamani ratiba ya zamu aliiandika kwa wino. Siku moja chuo kikabadilisha tarehe ya mtihani. Ratiba yake haikubadilika. Binti mmoja wa mwaka wa pili, kwa kuogopa kupoteza kazi, akabaki anasugua sufuria huku wenzake wanafanya mtihani. Akarudia mwaka mzima. Mama alipojua, alilia. "Wino wangu ndio uliomponza," alisema.

Tangu hapo, penseli tu. Penseli sikioni, kifutio mfukoni, na roho juu juu. Hakutulia, wasikilizaji, utadhani kakalia kaa la moto! Kila aliyeshika dodoki alihojiwa: "We, leo una mtihani? Kesho je? Usinidanganye, masufuria hayatoi cheti!"

Bintiye anasema: "Hata tukila, anainuka. 'Ngoja nikamuulize yule wa Alhamisi.' Namwambia, mama, chakula kinapoa. Ananijibu, chakula hupashwa moto, mtihani haupashwi."

Ijumaa iliyopita kijana wa uhandisi alimjia mbio. Mtihani umesogezwa hadi Jumamosi asubuhi, na zamu ni yake.

"Shikamoo mama. Sina wa kubadilishana naye."

"Marahaba. Nenda kasome."

Akafuta jina.

Jumamosi asubuhi, Mama akifunga viatu nyumbani aende kazini, moyo wake ukasimama, asiinuke tena. Kijana hakujua. Alimaliza mtihani, akaja jikoni kushukuru, akakuta masufuria machafu yamejaa kwenye sinki. Akatazama ratiba ukutani. Jumamosi, masufuria: Mama Penseli.

"Nilicheka," anatuambia. "Nikasema leo nimempata, mwenyewe katega kazi! Nikakunja mikono ya shati, nikaosha yote, nimtanie akija. Ndipo nikaambiwa."

Binti yetu, na familia nzima, poleni sana. Mungu ampumzishe, ingawa tunavyomjua, huko nako ataulizia ratiba. Nawe msikilizaji, kama kazini kwako yupo mwanafunzi, usingoje kesho. Muulize: una mtihani lini?

Ratiba ile bado iko ukutani. Imeandikwa kwa penseli, na kifutio kipo pale pale. Hakuna aliyekigusa.