Mmumunye wa Mlango wa Jikoni

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kitandani wote wawili, na wewe kifungua mimba wangu acha kuning'inia mlangoni kama mgeni, pumzi niliyobaki nayo hainitoshi kupiga kelele. Nina mengi ya kuwaambia, lakini kuna jambo moja linanikaba roho kuliko maradhi haya, nalo ni ule mmumunye nilioupanda kando ya mlango wa jikoni kabla sijalala hapa. Msiangaliane. Kila asubuhi mnaniambia, mama, umestawi, mama, umezaa, na mimi nauona kwa dirisha hili. Miguu ndiyo imekufa, macho yangu mazima.

Majani yake yamejikunja, yana mabaka ya njano na ya kijani yaliyochanganyika, na mamumunye yenyewe yametoka vinundu. Hiyo ni batobato, wanangu, na batobato haina dawa. Ile dawa uliyopulizia, baba, umejifunga kitambaa puani kama daktari wa upasuaji, ni dawa ya ukungu. Batobato inaicheka tu. Wale vidukari, vijidudu vinavyojazana chini ya jani, wananyonya pale jikoni, kisha wanaruka kwenda kunyonya shambani na kuupeleka ugonjwa huko, na shamba lile la maboga ndilo lililowalisha na kuwasomesha. Ukiacha nyumba hii, sina jingine la kuwaachia. Msimu huu likienda, mtakula nini?

Mkwe wangu aliliona hilo kabla yenu. Alitaka kuung'oa, mkamjia juu. Wewe binti yangu, kitinda mimba niliyekudekeza mpaka ukapitiliza, ukamwambia wifi yako anataka nife haraka. Na wewe mumewe ukanyamaza kimya, kana kwamba anayetukanwa ni mke wa jirani. Tangu siku hiyo chakula changu anapika yeye, lakini haingii humu. Ukuta huu mwembamba, nimesikia yote, nimemsikia akilia huku anachochea moto. Iliniuma, jamani. Iliniuma sana. Najua mlifanya kwa mapenzi, mliogopa ukiondoka mmumunye nami naondoka. Lo! Watu wazima na akili zenu! Mimi safari yangu imeiva, ung'olewe using'olewe.

Basi lishikeni neno langu. Nyumba hii ni yenu wawili, na sitaki kusikia mmejenga ukuta katikati. Shamba ni lenu pia, lakini wa kusema nini kipandwe na nini king'olewe ni mkwe wangu, maana ana jicho, na anachokiona anakisema. Mkiona unga mweupe juu ya majani, hapo ndipo dawa ya ukungu inafaa, iwahini mapema, mpulizie na upande wa chini, mpunguze msongamano upepo upite. Mche ukinyauka ghafla na udongo bado una maji, msikimbilie kumwagilia wala kumsingizia mtu. Kateni shina, gusanisheni vile vipande viwili, mvivute taratibu, na ute ukivutika kama uzi, basi ugonjwa uko ndani, ng'oeni, chomeni, halafu muwasake mbawakawa waliouleta. Kukiwa na umande msiingie kwenye maboga, mtabeba ukungu kwa nguo zenu. Na palipooza maboga msirudishe maboga, wala matango, wala matikiti, hao wote ukoo mmoja, wanaambukizana, tieni mahindi.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu... Ahsante.

Sasa mwiteni mkwe wangu. Sasa hivi, msingoje mnizike kwanza. Karibu, mwanangu, karibu humu ndani, hakuna atakayekufukuza. Chukua gunia kubwa, ufunike ule mmumunye wote, vidukari wasipate kuruka, ndipo uung'oe na mizizi yake, ukauchome mbali na shamba. Hata mbegu moja usiweke. Na wewe mumewe, nenda ukamshikie gunia, sikuzaa kinyago. Binti yangu, fungua dirisha lote. Niinue kidogo... hapo.

Hivyo hivyo. Ushike chini... chini kabisa... Umetoka. Umetoka wote.

Mungu awape mvua ya kiasi, wanangu, na maboga ya kuwashinda kubeba. Awape kupendana... na kuambiana ukweli mapema. Usilie, mama. Nenda ukamwombe wifi yako radhi. Mwambie kabla hajagusa shamba... anawe kwa sabuni, mpaka viwikoni. Lakini kwangu asinawe. Asichelewe kwa ajili ya kunawa. Aje na utomvu wake hivyo hivyo... anishike mkono.