Honi Mbili za Clive Entwistle

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Clive Entwistle atatundika koti lake la kijivu kwa mara ya mwisho katika chumba cha michoro cha kiwanda chetu cha Brackenhall, baada ya kutumikia miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku ishirini na tano. Hesabu hiyo ni yake. Mimi niliandika "miaka arobaini na ushei", rasimu ikanirudia imejaa wino mwekundu.

Aliajiriwa Septemba 1984 kama msaidizi wa mchoraji, enzi hizo akiwa bado na nywele. Kazi yetu haina siri: unachukua treni halisi, unagawa kila kipimo chake kwa sabini na sita, unabaki na treni ya kukaa mezani, yenye viti, taa, na vishikio vya mlango ambavyo huvioni bila miwani. Clive ametutengenezea treni arobaini na tatu za namna hiyo. Ameshinda tuzo mbili, na moja huitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo. Chakula chake cha mchana ni mkate wa jibini na achari, miaka yote arobaini na mmoja, na aliyewahi kumshawishi aonje kitu kingine ajitokeze.

Anapopima hapimi kwa mzaha. Mwaka 1996 alipima dirisha la choo cha behewa lililosimama stesheni, kwa utepe, kwa nje, huku abiria akiwa ndani. Polisi walipomuuliza alikuwa anatafuta nini, alijibu, "Milimita mbili." Wakamwachia kwa kuchoka.

Mimi kazi yangu ni Dawati la Malalamiko, kwa hiyo maisha yangu yote nimekula kwa jasho la makosa ya Clive, ambayo yeye alishikilia kwamba hayapo. Wateja wetu tunawaita wahesabu ribiti, maana huhesabu hata misumari ya chuma inayoshika bati za treni, nao hulipokea jina hilo kama cheo. Mkuu wao ni Bwana Aubrey Tunnicliffe. Krismasi ya 1987 tulitoa treni ya dizeli ya abiria ya njia ya Wendle, ile ya kijani yenye mabehewa mawili. Treni hizo zilijengwa mbili tu duniani na michoro yake ilipotea, hivyo Clive aliitengeneza kwa kutegemea picha moja yenye ukubwa wa kiberiti. Januari ikaingia barua yake: "Honi mmeziweka juu ya paa. Zilikuwa chini, mbele, chini ya taa. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa dereva."

Clive alimjibu kwamba anayo picha. Januari iliyofuata barua ikaja tena, na jibu likawa lile lile. Mwaka 1994 watu wa kujitolea wa Reli ya Wendle walipoifufua treni halisi iliyobaki, honi zikiwa juu ya paa, Clive alimwandikia mzee Tunnicliffe aende akajionee. Mzee akaenda. Januari akaandika kwamba treni nayo imekosea.

Barua zilifika thelathini na nane. Ninazo zote kwenye faili, na mwenyewe Clive alizoea kuzisoma kwa sauti wakati wa chai, akiiga sauti ya babu kizee. Tulicheka sana, na hilo sasa linanitia haya.

Mwaka huu tuliamua kuitoa treni hiyo upya, iwe kazi ya Clive ya kuagia. Alikwenda Wendle, akaipima treni halisi siku mbili, akarudi amefurahi. Zilibaki siku tatu kabla ya kutia saini michoro ili kalibu za chuma zichongwe. Jumanne saa nne asubuhi ikafika bahasha kutoka kwa mjane wa mtu aliyeipiga ile picha ya ukubwa wa kiberiti, ndani mna filamu yenyewe ya mwaka 1961. Tukaikuza kwenye kompyuta yangu.

Honi ya kushoto ilikuwa na mdomo. Ya kulia ilikuwa imegeuza shingo.

"Janice," Clive akasema, "hao ni njiwa."

"Naona."

Akauweka mkate wake chini. Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje, lakini niliporudi nilimkuta bado ameduwaa pale pale, uso umemshuka. Alikuwa akijiuliza kitu kimoja tu: kama hao ni njiwa, honi alizozipima juu ya treni halisi zilitoka wapi?

Mchana ule ule tulikwenda Wendle kwa Maureen Ollerenshaw, mwenyekiti wa wale wa kujitolea. Tulimkuta chini ya behewa, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Ilikuja kwetu haina honi, haina waipa, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva," alisema bila kutoka. "Michoro hatuna. Sasa tungefanyaje? Tukanunua ile treni yenu ndogo, tukapima kwa rula, tukazidisha kwa sabini na sita."

"Mliamini treni ya mezani?" Clive akauliza.

"Tuliamini yako wewe. Si wewe ndiye usiyekosea?"

Alipoelezwa habari ya njiwa, alitoka chini ya behewa taratibu. "Clive, hizo honi nimezipaka rangi mara nne kwa mkono wangu. Leo ndiyo unaniambia ni ndege?"

Njiani kurudi nilimpa ushauri wa kishetani, nakiri. Tuliojua tulikuwa watatu. Angetia saini honi zikae juu, treni halisi ingemtetea, na Ijumaa ya kuagwa angeondoka na jina lake safi. Wateja wangefurahi zaidi hivyo, maana ingefanana na treni wanayoiona Wendle. Akiziteremsha, angekuwa amekiri mbele ya kila mhesabu ribiti wa nchi hii kwamba amembishia mtu mkweli tangu 1988.

"Naona aibu, Janice," alisema. Kisha akawasha taa ya kukata kona na kushika barabara ya Leyfield, kwenye nyumba ya wazee. Mficha uchi hazai.

Bwana Tunnicliffe ana miaka tisini na mmoja. Aliipokea picha tuliyoikuza na kuichapa, akaitazama kwa lenzi muda mrefu, na Clive amesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Akamwambia yote: picha, njiwa, rula ya Maureen. Akamwomba radhi bila kupunguza neno.

"Huyu wa kushoto namkumbuka," mzee alisema. "Alikuwa akila maganda ya mkate wangu." Tulisubiri acheke, au atutukane, maana haki hiyo alikuwa nayo. Akaiweka lenzi mapajani. "Basi sasa nitamwandikia nani?"

Clive akachukua kalamu, akaigeuza ile picha, akaandika nyuma yake anwani ya nyumbani kwake. "Nastaafu Novemba," akasema. "Nafasi nitakuwa nayo tele."

Ijumaa ile alitia saini, honi zikiwa chini, mbele, chini ya taa. Kwa Jumamosi tatu amekuwa Wendle na spana, akizihamisha zile za treni halisi huku Maureen akimshikia ngazi na kumsimanga. Siku mbili baada ya kuagwa, Jumapili, treni itatoka, na atakayepiga honi ya kwanza ni Bwana Tunnicliffe.

Kwa hiyo hatukumnunulia saa ya ukutani. Tumemnunulia stempu mia mbili, na tayari amezianza. Barua ya kwanza ya mzee ilimfikia wiki iliyopita, kurasa nne, kwamba waipa ya upande wa dereva tumeilaza kinyume. Clive amekwisha kumjibu kwamba amekosea, na kwamba anayo picha.

Asante, Clive, kwa miaka yako, miezi yako na siku zako zote ishirini na tano. Tutakukumbuka hata mlango ukigongwa na upepo. Upumzike kwa raha na afya njema, wewe na kalamu yako, na safari hii uikuze picha kwanza.

Janice Holroyd
Dawati la Malalamiko